Mama ameanza juisi ya mnafu, anywe asubuhi au usiku?

Kijana wa Soweto
Wakuu, heshima kwenu. Mama yuko Kibosho. Nimemwanzishia juisi: mnafu mbichi, kitunguu saumu, tangawizi na manjano, glasi nzima kila siku. Nasikia inasafisha damu. Anywe asubuhi kabla ya kula au usiku? Nijibuni, sina amani.

Dereva Noah
Mnafu mbichi? Kwetu unachemshwa, maji machungu yanamwagwa, unaungwa kwa maziwa. Bimkubwa kakukosea nini?

Mama Ndizi
Siku hizi mnatuma juisi badala ya kwenda wenyewe. Wangu ananipigia mpaka mitandao ikitoa ofa. Manjano bila pilipili manga na mafuta mwili unapokea kidogo sana, mie natia mchuzini basi. Nyanya nazo ziive kwenye mafuta.

Dawa Kabatini
Juisi tu ikukoseshe amani? Anatumia dawa gani?

Kijana wa Soweto
Za kawaida tu.

Dawa Kabatini
Zitaje.

Kijana wa Soweto
Warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda. Mwaka jana damu iliganda mguuni. Lakini ile ni kemikali, hivi ni vyakula vya Mungu. Na blenda nishanunua.

Dawa Kabatini
Ungeanza na hilo. Mnafu una vitamini K nyingi, inapunguza nguvu ya warfarini, damu inaweza kuganda tena. Saumu, tangawizi na manjano kwa wingi vinaweza kuleta kinyume chake, akavuja damu. Juisi isimame, apimwe INR (kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda) kesho, kwa kawaida inatakiwa 2 hadi 3. Mboga asiache, ale kiasi kilekile alichozoea. Fizi zikitoka damu au choo kikiwa cheusi, hospitali usiku huohuo.

Kijana wa Soweto
Ila mwenyewe anasema kapata nguvu. Ndiyo maana tukaona vidonge viwe nusu.

Mchaga Bahili
Subirini. Juzi kwenye uzi wa mlonge huyu alikuwa na babu mwenye kisukari. Leo mama. Kesho anaweka bei ya pakiti. Chai hii, tena ya tangawizi.

Dereva Noah
😂😂 Weka picha ya blenda.

Kijana wa Soweto
Babu ni babu, mama ni mama. Siuzi kitu!

Dawa Kabatini
Chai au si chai, humu kuna wenye wazazi wanaomeza warfarini. Hiyo nusu mmeshaanza?

Kijana wa Soweto
Tangu Jumapili.

Dawa Kabatini
Mpigie daktari wake sasa hivi. Achana na sisi.

Dereva Noah
Napandisha Kibosho saa kumi na mbili asubuhi. Nauli utalipa mkishuka na bimkubwa.