Maelstrom ni maji, si upepo: nimechoshwa na wahariri wanaoandika "kimbunga"

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni haja ya kuificha. Nilikabidhi tafsiri ya kitabu cha safari za baharini kwa mchapishaji mmoja ambaye sitamtaja, na wiki iliyopita nimeletewa nakala ya mwisho ya kupitia kabla ya kupigwa chapa. Kila mahali nilipoandika "mkondo wa Maelstrom", yaani maji makali yanayozunguka katika bahari ya Norwe, pamefutwa, pakaandikwa "kimbunga". Nimehesabu: ni mahali kumi na nne. Sura nzima inayosimulia jinsi mashua ya wavuvi ilivyokokotwa na maji kuelekea mwambani imegeuzwa kuwa habari ya upepo, ilhali ukurasa uo huo unasema kwamba siku hiyo kulikuwa shwari na tanga lilikuwa limelegea mlingotini. Nilipouliza sababu nilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba kimbunga ndilo neno ambalo wasomaji wanalijua.

Wanalijua, tena wanalijua vizuri mno, na hilo ndilo kosa lenyewe. Kimbunga Idai kilipiga Beira Machi 2019. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Mtu wa pwani akisikia neno hilo anatazama juu, anavuta chombo chake nchi kavu na kufunga paa. Hatazami mkondo. Kumwambia msomaji huyo kwamba kimbunga kilitokea baharini siku isiyo na upepo ni kumfanya adhani kwamba ama mwandishi ni mwongo au mfasiri ni mlevi, na jina la mfasiri litakaloonekana juu ya jalada ni langu.

Kwanza ieleweke kwamba Maelstrom ni mahali. Kaskazini mwa Norwe, penye visiwa vya Lofoten, kati ya ncha ya Moskenesøya na kisiwa cha Værøy, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Mosken, na Wanorwe wenyewe huuita mkondo wa hapo Moskstraumen, yaani mkondo wa Mosken. Maji yanapojaa, kimo chake ndani ya ghuba kubwa ya Vestfjorden hakilingani na kimo cha bahari kuu ya nje, kwa hiyo maji hulazimika kukimbilia upande ulio chini. Njiani yanakutana na tuta la mwamba ambapo kina ni mita 40 hadi 60 hivi, ilhali ndani ya ghuba kina hufika mamia ya mita. Yakibanwa hapo, yanapata kasi, yanajipinda na kuanza kuzunguka. Maji yakipwa, mkondo unageuka na kazi inaanza upya kwa upande wa pili. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, ndipo hali huwa mbaya zaidi. Mvuvi yeyote wa Nungwi, Unguja, akisomewa maelezo haya atayaelewa bila kamusi, kwa sababu kujaa, kupwa, bamvua na mkondo ni maneno anayoishi nayo, na mimi niliyatumia yote katika tafsiri iliyoharibiwa.

Jina sasa. Neno lenyewe si la Kinorwe kwa asili bali ni la Kiholanzi cha zamani: "malen" ni kusaga, na "stroom" ni mkondo. Ni mkondo unaosaga. Wachora ramani wa nchi za Uholanzi na jirani zake ndio waliolisambaza, na Mercator, mmoja wao, alilitumia katika atlasi yake iliyochapwa mwaka 1595, ingawa mzunguko huo wa maji ulikuwa umekwishachorwa karibu na Lofoten katika ramani kubwa ya Olaus Magnus, kasisi wa Uswidi, ya mwaka 1539. Naomba mtulie hapo kwenye kusaga, maana picha ya jiwe la kusagia linalozunguka si pambo la mabaharia wa Kiholanzi peke yao. Masimulizi ya kale ya Waskandinavia yanawataja Fenja na Menja, wajakazi wawili wenye nguvu za majitu, waliosaga kwa mawe yaitwayo Grotti. Mfalme wa bahari aitwaye Mysing aliwachukua pamoja na mawe hayo, akawaamuru wasage chumvi, nao wakasaga bila kukoma hadi merikebu ikazama. Tangu hapo, wasema wasimulizi, maji huzunguka pale yanapotumbukia katika tundu la jiwe, na bahari ikawa ya chumvi. (Hiyo ni bahari ya kaskazini mwa Uskoti, si ya Lofoten, lakini jiwe ni lile lile.) Sasa mhariri wangu anataka nimweleze msomaji kwamba upepo unasaga chumvi?

Nakubali kwamba neno hilo lilikuja kupata maana ya pili. Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, alipochapisha hadithi yake kuhusu Maelstrom mwaka 1841, mkondo wa Mosken ukageuka shimo la kutisha linalomeza merikebu nzima, jambo ambalo maji yenyewe ya Lofoten, pamoja na ukali wake, hayafanyi. Na Kiingereza kikazoea kuliita maelstrom pigo lolote la machafuko, liwe la vita, la siasa au la nafsi. Katika maana hiyo sing'ang'anii maji. Hata kichwa cha habari kinachosema "kimbunga cha siasa" sikigombi. Ninachogomba ni uvivu wa kuchukua neno moja la upepo na kulibandika kila mahali, wakati Kiswahili kimefanya safari hiyo hiyo ya kutoka baharini hadi barazani kwa maneno yake. Tunasema mambo yamekwenda mrama, na mrama ni kuyumba kwa chombo ubavu hadi ubavu. Tunasema hali imechafuka, kama tunavyosema bahari imechafuka. Na vurugu, neno ambalo kila mwandishi wa habari analitumia bila kulitazama, linatokana na kuvuruga, kitendo kile kile anachofanya mtu akiingiza mwiko chunguni au mguu dimbwini, na maji yakazunguka na matope yakapanda. Ukitaka neno la Kiswahili lililo karibu kabisa na maelstrom kwa maana na kwa picha, hilo hapo, tena tumekuwa nalo siku zote.

Mhariri huyo hakuniuliza hata mara moja. Hakupiga simu, hakuandika pembeni mwa ukurasa. Alibadilisha kwa kompyuta, neno moja badala ya jingine, mahali kumi na nne kwa mkupuo, na kwa sababu hakusoma kilichobaki, sentensi moja sasa inasema kwamba "kimbunga hicho hutulia maji yanapokuwa mafu", yaani upepo unatulia eti kwa sababu kujaa na kupwa kumepungua.

Nimemrudishia nakala yake na orodha ya kurasa. Nimempa hadi Ijumaa arejeshe "mkondo wa Maelstrom" pale panapotajwa mahali, na "vurugu" pale panapozungumzwa fadhaa ya mabaharia. Asipofanya hivyo, jina langu litoke jaladani na aweke lake.

Nawasilisha.