Chai na maandazi katikati ya ibada ya maombi: vinaondoa uzito wa sala?

Mwanaushirika (Tukuyu)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kamati yetu inaandaa siku ya maombi, watu 60, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Wazee wetu wawili hawajakubaliana. Mmoja anataka karamu ya upendo, yaani mlo wa pamoja wa washirika, iwe katikati ya ibada, chai ya maziwa na maandazi, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi yao. Mwingine anasema utamu unawatoa watu kwenye sala. Yawekwe maji tu, na mwenye hamu ya chai akanywe kwake. Kuna kina mama watakaokuwa wamefunga tangu jioni ya jana yake. Naomba mwongozo wa kiroho na wa sufuria pia. Ni mwezi wa saba, na baridi ya huku mnaijua.

Mtunza Zamu

Shikamoo kwa wazee wote wawili. Hofu ya mzee wa pili ni ya kweli, ila ameielekeza kusiko. Someni 1 Wakorintho 11 kuanzia mstari wa 20. Kule Korintho hawakulaumiwa kwa sababu chakula kilikuwa kitamu. Walilaumiwa kwa sababu wengine walitangulia kula wakashiba, na wengine wakabaki na njaa. Na dawa aliyoitoa Paulo katika mstari wa 33 ni kungojana. Hakuufuta mlo.

Kwa kanisa lenu la Wamoraviani jambo hili lina mizizi. Tarehe 13 Agosti 1727, baada ya Meza ya Bwana, watu wa Herrnhut, kijiji cha Wamoraviani huko Ujerumani, hawakutaka kuachana, wakabaki vikundi vikundi wakiomba na kuzungumza. Zinzendorf, kabaila aliyewapa hifadhi kwenye ardhi yake, akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake ili wasilazimike kutawanyika. Kwa hiyo mlo ulikuja kuushika ushirika usikatike. Wamisionari waliofika huko kwenu Rungwe mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyo hiyo.

Waelezeni watu mapema kwamba hii si Meza ya Bwana. Watoto wanakula, mgeni wa dhehebu lingine anakula, asiyebatizwa anakula. Utaratibu: wimbo, sala fupi ya kumwalika Bwana awe mgeni, kisha wagawaji wapite wakati watu wanaendelea kuimba. Hakuna anayeonja hadi wa benchi la mwisho awe na kikombe mkononi. Zile dakika chache za kushika andazi la moto bila kuling'ata ni sehemu ya ibada, msizifupishe.

Mama wa Mafiga

Mimi nashika upande wa sufuria, kwa sababu chai mbaya ndiyo inayowatoa watu kwenye sala. Mpe mtu kikombe kilichopoa chenye mabonge ya maziwa uone kama mawazo yake yatatoka humo.

Watu 60 kwa kikombe cha robo lita ni lita 15. Pikeni lita 20, maana kwenye baridi wengi wataongeza. Maji lita 13, maziwa lita 7, majani ya chai gramu 160, tangawizi mbichi robo kilo, iliki punje 30, sukari kilo 1. Wenye kisukari wachotewe kabla sukari haijaingia.

Kosa linaloharibu chai nyingi za mikusanyiko ni kutia tangawizi mbichi kwenye maziwa ya moto. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kikichemka kinakufa. Twangeni, mchemshe kwenye yale maji dakika 10, ndipo maziwa yafuate. Maziwa nayo yachemsheni kwanza kwenye sufuria yake: kama yameanza kuchacha yatakatikia huko, na lita 13 zenu zitapona.

Tukuyu iko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100. Majani yapeni dakika 5 kwenye moto wa taratibu, kisha chujeni na mjaze chupa. Yakiachwa nusu saa, chai inakuwa chungu na kukausha ulimi, na hapo watu wanaanza kudai sukari zaidi.

Maandazi mawili mawili ni 120. Ngano kilo 3 na nusu, sukari gramu 400, hamira ya chenga gramu 35, chumvi vijiko 3 vya chai, mafuta gramu 150 ya kukandia, maji ya uvuguvugu kama lita 1 na robo tatu. Mimineni maji kidogo kidogo kwa sababu ngano hazinywi maji sawa. Msitumie maji ya kuunguza kidole ili kushindana na baridi, yanaua hamira. Funikeni beseni kwa blanketi karibu na jiko, lisiguse moto, na mtenge muda wa saa 2 hadi 3. Mwezi wa saba donge halitaumuka kwa saa moja.

Mafuta ya karai yajaribiwe kwa kipande kidogo. Kikizama na kuibuka mara moja kikitoa mapovu, anzeni. Kikikaa chini, andazi litakunywa mafuta. Yakitoa moshi, nje litaungua na ndani libaki bichi. Lililoiva ukilivunja linatoa mvuke, na ndani lina vitundu vidogo vidogo vinavyorudi juu ukiviminya.

Jumuiya ya Kilolo

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza habari ya waliofunga. Chai ya rangi ya kukolea kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu na kiungulia, hata yenye maziwa wasianze nayo. Wapewe uji mwepesi wa ulezi: kikombe 1 cha unga kwa vikombe 6 vya maji. Unga ukorogwe kwanza kwenye maji baridi, ukiingia mkavu kwenye maji ya moto unashika madonge. Ila wasipewe pembeni wala mapema. Wanywe uji wao wakati uleule wenzao wanapoinua chai, wimbo uleule. Maandazi wale baada ya dakika 20.

Mkipenda, badala ya chai ya pili wekeni togwa. Pikeni uji wa unga wa mahindi kilo 2 kwa maji lita 20, uuacheni upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo mtie kimea cha ulezi nusu kilo. Kimea kikikutana na uji wa moto kinaungua: hautalainika wala hautakuwa mtamu. Ukienda vizuri, mtauona ukilegea huku mnakoroga. Pikeni jioni, unyweke kesho yake mchana. Mkiuacha siku ya pili na ya tatu unaelekea kuwa pombe, na hapo mzee wenu wa pili atakuwa na haki.

Juu ya utamu wenyewe: kufunga hakukufundishi kwamba chakula ni kibaya. 1 Timotheo 4:4 iko wazi. Kinachokupasa ni kukipokea kwa shukrani, na kushukuru kunataka umakini. Yale majani yamechumwa kwa mkono, mawili na chipukizi, kwenye umande wa asubuhi. Fundo la kwanza linyweni kimya.

Mwanaushirika (Tukuyu)

Asanteni sana. Mzee wa pili amesomewa yote, anauliza moja: mtu aliyeweka nadhiri ya kufunga hadi jioni akae wapi?

Mtunza Zamu

Akae palepale kwenye benchi lake, asitolewe nje. Mtafutieni kazi ya kugawa kama anaiweza, na jirani yake asimuulize kwa nini hali. Maandazi yake mawili fungeni kwenye karatasi, aende nayo nyumbani. Trei zimalizie benchi la nyuma, kwa sababu huko ndiko mlango ulipo na chai hupoa haraka.