Naomba ushauri: waziri anamtumikia nani, rais au bunge?

Wakuu, habari zenu. Wiki ijayo nina mdahalo na nimepangiwa kutetea kwamba waziri ni karani tu wa rais. Kila nikiandika ukurasa, naufuta.

Mwanzoni niliona kazi nyepesi. Rais anateua, rais anatengua, basi. Marekani hata ukiwa seneta, ukiteuliwa waziri lazima uachie kiti. Kenya nayo, kwa katiba ya 2010, mawaziri si wabunge, hawapungui 14 wala hawazidi 22.

Kinachonitoa jasho ni Tanzania. Ibara ya 54 inalifanya Baraza la Mawaziri kuwa chombo kikuu cha kumshauri rais, lakini ukirudi ya 37, rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu (isipokuwa pale katiba au sheria inapomtaka). Mpaka hapo safi. Halafu inakuja ya 53: mawaziri, chini ya Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja bungeni. Na wenyewe ni wabunge! Karani gani huyo, asubuhi anajibu maswali ya wabunge wenzake, baadaye anapiga kura kupitisha bajeti ya wizara yake?

Sasa nishike hilo la uteuzi tu, Tanzania niipite kimya kimya? Au niitaje mapema kabla wapinzani hawajanirukia? Mimi naelekea hilo la pili, ila naogopa kujichimbia kaburi. Waliowahi kusimama kwenye midahalo ya namna hii, mngefanyaje?