Naombeni ushauri, hii ishu ya kuzaliwa upya imenichanganya

Wakuu habari za usiku, naombeni mnisaidie maana nimekwama. Nauza kwenye duka la vitambaa Kisutu, bosi wangu Mhindu, wiki iliyopita kafiwa na mama yake, akaniambia mwili umechomwa ila roho, wao wanaiita atman, inaenda kuvaa mwili mwingine kama mtu anavyobadilisha nguo iliyochakaa, anaongea hivyo huku anakunja kitambaa kwenye kaunta taratibuu. Hiyo niliielewa.

Shida ni Wabudha. Wao wanasema hakuna roho ya kudumu ila kuzaliwa tena kupo, sasa kinachozaliwa ni nini?? Wanatoa mfano wa mshumaa unawasha mshumaa mwingine, haya sawa, lakini mbona Dalai Lama wa sasa (kiongozi wa dini wa Wabudha wa Tibet, wanaamini ni mtangulizi wake kazaliwa tena) inasimuliwa alipokuwa na miaka 2 hivi, huko 1937, aliwekewa vitu vya mtangulizi wake aliyefariki 1933 vikachanganywa na vya bandia, akachukua vya kweli akasema ni vyangu? Vyake kivipi kama hakuna mwenyewe?

Halafu jingine, mi Mkristo, bosi kanialika ile ibada ya siku ya 13 baada ya msiba, niende? Na navaa nyeupe au vyovyote?