Kaunta ya jikoni: graniti, terazo au vigae? Naomba ushauri kabla fundi hajaanza

Mama_Madale
Habari za jioni wakuu. Nyumba yetu imefika hatua ya jiko, na fundi anataka nimpe jibu wiki hii kaunta iwe ya nini. Nimebaki na vitu vitatu: graniti, terazo au vigae. Roho yangu iko kwenye nyeupe, kabati ziwe kijani cha jani la mgomba, vishikio vya shaba. Mume wangu anasema vigae vinatosha, hela iende kwenye tangi la maji. Ninyi mnaopika kila siku, kipi kinadumu na bado kinapendeza?

FundiWaPili
Dada, hapo hujatuambia kitu. Kaunta ina urefu gani? Chini yake kuna zege au kabati za mbao tupu? Unapikia gesi, umeme au mkaa? Sinki linakaa juu ya jiwe au linafungwa kwa chini? Bajeti je? Bila hayo kila mtu atakutajia ya kwake.

Binti_Makorora
Terazo. Nyumba ya bibi yangu hapa Tanga ina sakafu ya terazo tangu mama hajaolewa, na mpaka leo ikipigwa deki inang'aa. Inamwagwa papo hapo, haina maungio ya kuficha uchafu, na rangi ya saruji na ya kokoto unachagua mwenyewe. Ukitaka nyeupe yenye punje za kijani iende na kabati zako, unapata.

chokaa_nyeupe
Sakafu si kaunta, shoga. Sakafuni hakuna anayekamua ndimu. Terazo ni saruji na vipande vya marumaru, na vyote viwili vinaliwa na asidi: ndimu, siki, ukwaju, hata nyanya ikikaa. Mng'aro unatoka mabaka mabaka, na kuurudisha ni mpaka uite mtu wa mashine aje kusaga upya.

Binti_Makorora
Inapakwa dawa ya kuziba vinyweleo, na ndimu ikidondoka unafuta. Watu wanaishi nayo miaka.

chokaa_nyeupe
Dawa hiyo inazuia mafuta na maji yasizame, ila ndimu inaunguza pale pale juu. Na siku ya wageni, samaki wamejaa beseni, nani ana nafasi ya kufuta kila tone?

Nyanda_Mz
Ngoja nieleze yaliyotukuta Mwanza, mwingine yasimkute. Tulinunua graniti nyeusi tii kwa muuzaji aliyetuhakikishia kwamba ni jiwe halisi kutoka nje. Ilipofungwa ilipendeza mno, majirani wakawa wanapita kuiangalia. Hazikupita siku nyingi nikaanza kuona maduara ya kijivu kila ninapoweka glasi ya juisi ya ndimu. Nikasugua, yakabaki. Tukifuta kwa kitambaa cheupe, kitambaa kinatoka na weusi. Tukaita fundi mwingine, akasema jiwe limepakwa rangi, lenyewe ni la kijivu, na wala si graniti, maana graniti haitoki alama kwa ndimu.

Tukiwa bado na hilo, kile kipande chembamba kinachobaki mbele ya sinki baada ya kukata tundu kikapata ufa. Waliokata hawakuweka chuma wala ubao wa kukishikilia kwa chini. Maji yakaanza kupenya kabatini, MDF (zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa) ikavimba, sasa mlango haufungi. Kumrudia muuzaji, anasema tatizo ni sabuni tunayotumia. Hela haikurudi, na inaniuma mpaka leo kwa sababu ilikuwa akiba ya mke wangu ya kuuza mahamri.

Kwa hiyo dada, ukienda kununua omba kipande kilichobaki cha jiwe lile lile. Kifute kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Kitambaa kikitoka cheusi, ondoka. Kisha kidondoshee ndimu, kilaze usiku mzima. Asubuhi ukiona pamefifia, hiyo si graniti hata waseme nini.

FundiWaPili
Pole sana mkuu. Hilo la mbele ya sinki ndilo linalovunja mawe mengi, na dawa yake ni kuweka mhimili kwa chini kabla jiwe halijapandishwa. Watu wanasahau uzito pia. Graniti ya unene wa sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa mita moja ya mraba. Kaunta ya mita 3 na nusu, upana sentimita 60, inapita kilo 110 kabla hujaweka sufuria hata moja. Kabati za MDF zisizo na fremu haziwezi kubeba hivyo zikadumu.

Mama_Madale
Samahani, nilikuwa msibani. Kaunta ni ya umbo la L, upande mrefu mita 3 na ushee, mfupi bado sijapima. Chini ni kuta za tofali na zege limeshamwagwa. Napikia gesi, maharage na makande napika nje kwa mkaa. Bajeti bado tunajadiliana nyumbani. Nyanda, pole, na asante kwa hiyo ya asetoni.

FundiWaPili
Kumbe zege lipo! Basi mzigo si shida, na mimi nampa shemeji kura yangu. Chukua vigae vya poselini vikubwa, sentimita 60 kwa 120, maungio yawe machache. Grauti, ile ya kujaza maungio, usikubali ya saruji, dai ya epoksi, aina ya gundi inayokauka ikawa ngumu. Ya saruji inanyonya mafuta na bizari. Poselini haiogopi ndimu wala sufuria ya moto. Ubaya wake ni ukingo: ukigongwa na mchi unabanduka, kwa hiyo pembe ya mbele iwekewe ukanda wa alumini.

Na mtungi utakaa wapi? Ukitaka uwe chini ya kaunta, kabati lake liwe na matundu usawa wa sakafu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Bora zaidi utoke nje kabisa, mpira upite ukutani.

Kibokoni_Mvita
Hamjambo nyote. Naona mwasema mawe tu, na mwenye jiko asema rangi tangu mwanzo. Dada, kijani hicho na shaba yapendeza sana, lakini nyeupe tupu juu yake itakuwa kama zahanati. Toboa ukuta utie zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama zile za nyumba za Lamu, upange sahani za mamako na masinia. Pazia la chini ya sinki likate kwenye leso. Hapo mgeni akiingia ajua kaingia kwa nani.

chokaa_nyeupe
Zidaka ni za chumba cha ndani, na ziliwekwa vyombo vya kauri vya kutazamwa. Nyumba zile za mawe jiko lilikuwa juu kabisa, moshi na joto vitoke. Ukiziweka karibu na jiko la kukaangia, kila kidaka kitashika mafuta.

Kibokoni_Mvita
Twaa kitambaa ufute. Kitu kizuri chataka kutunzwa.

Mama_Madale
Zidaka nimezipenda, naweza kuziweka upande wa meza ya kulia. Swali: hiyo poselini nyeupe, bizari haitaacha doa? Kwetu mchuzi ni kila siku.

Binti_Makorora
Kwenye poselini linafutika. Kwenye grauti ndipo kazi. Na usishtuke ukipaka sabuni ya mche doa likageuka jekundu, bizari ya manjano ndivyo ilivyo ikikutana na magadi. Jua linalififisha, kwa hiyo kama dirisha linapokea jua la asubuhi una bahati. Bado nasema terazo, ila iwe upande ule mfupi, mbali na sinki.

Nyanda_Mz
Pima na kimo pia. Wanajenga kwa sentimita 90 bila kuuliza. Simama, kunja mkono, kaunta iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chako. Mke wangu anaumwa mabega kwa kukanda unga kwenye ile yetu.

Kibokoni_Mvita
Na mbuzi ya nazi utaikalia wapi? Acha nafasi sakafuni.

chokaa_nyeupe
Siku hizi nazi zinakatwa vipande zinatiwa kwenye blenda.

Kibokoni_Mvita
Tui la blenda lina machicha laini yasiyochujika, na wali wake hautoi harufu. Sikubaliani kabisa.

Binti_Makorora
Maji ya vuguvugu, chujio la kitambaa, tui zito kando na jepesi kando. Nimepika arusi kwa blenda, hakuna aliyelalamika.

FundiWaPili
Dada Madale, ule upande mfupi umeshaupima? Na dirisha linatazama wapi?