Kioo nilichounganisha kwenye tanuri kinapasuka chenyewe usiku, nakosea wapi?

BintiKigamboni
Habari za saa hizi wadau, naombeni msaada maana nimechoka kuokota vipande. Mwaka jana kuna mzungu jirani alikuwa anahama nchi akaniuzia tanuri dogo la umeme alilokuwa anachomea vyungu, ndani linaingia kama ndoo moja ya lita 20, nikajifundisha mwenyewe kwa video namna ya kupanga vipande vya vioo vikayeyuka vikashikana vikawa kitu kimoja. Natengeneza samaki, nyota, mwezi, vya kuning'iniza dirishani. Sio biashara, ni kutuliza akili tu nikitoka kazini, ingawa wifi yangu alishanunua 3.

Sasa shida. Natumia vioo vya dirisha vya milimita 4, mabaki anayotupa fundi aluminiamu hapa mtaani, na rangi natoa kwenye chupa za kijani na za kahawia, nazivunja nabandika vipande juu ya kioo. Kinatoka tanurini kizuri mpaka nakipiga picha namtumia kila mtu. Juzi saa 8 usiku nikasikia TAK! sebuleni, nikajua paka kaangusha kitu, kumbe samaki kajipasua mwenyewe mezani hajaguswa na mtu. Wa tatu huyo. Huyu ufa umezunguka jicho lake la kijani kama mtu kauchora kwa kalamu. Joto napandisha mpaka nyuzi 820 hivi, naacha dakika 10, nazima, nalala, asubuhi nafungua. Nakosea wapi jamani?

mpitanjia77
Paka wa nchi hii wanasingiziwa sana 😂 nimekaa hapa nasubiri wataalamu

MotoWaArusha
Dada pole, ila umeshajijibu kwenye hilo jicho. Chupa na kioo cha dirisha vyote vimetokana na mchanga, magadi na chokaa, lakini kila kiwanda kina mchanganyiko wake na havitanuki sawasawa. Vikiwa moto vinashikana vizuri tu, vikipoa kila kimoja kinasinyaa kwa kipimo chake. Ni kama ushone gauni moja kwa kitambaa kinachosinyaa kikifuliwa na kingine kisichosinyaa, gauni litajikunja, ila kioo hakijui kujikunja, kinavumilia wee, leo, kesho, hata mwezi, halafu ndo hiyo TAK saa 8 usiku. Ndo maana wanaouza vioo vya kazi hii wanaviwekea namba ya kiasi kinavyotanuka, kiwanda cha Bullseye wa kule Portland Marekani ni 90, wengine wanauza 96, na mwenye 90 hachanganyi na 96 hata kidogo. Kioo cha dirisha kiko themanini na kitu. Kwa hiyo kanuni ya maskini kama sisi ni kioo na kioo kilichotoka bamba moja, chupa na chupa ile ile. Na ya kahawia hata ukiwa nayo peke yake ina tabia ya kutoa mapovu ikiyeyuka tena.

La pili ni huko "nazima nalala". Tanuri dogo hivyo linapoa haraka mno, nje ya kioo inaganda wakati ndani bado inasinyaa. Ukitoka 820 liache lishuke lenyewe mpaka 550, hapo lishike saa 1 nzima, halafu lishushe polepole kama nyuzi 80 kwa saa mpaka ipite 400, ndipo uzime. Na usifungue mpaka uweze kushika mlango kwa mkono mtupu. Kama tanuri lako ni la kizamani halina kontrola, tafuta kontrola (kifaa cha kuongoza joto) na themokapo ya aina ya K, yaani waya wa kupima joto la ndani, ila kufunga mwachie fundi umeme, usijaribu mwenyewe.

Jifunze pia kusoma ufa. Ukifuata mpaka wa rangi, vioo havipatani. Ukikatisha katikati umepinda kama herufi S na kingo zinakata mkono, kimepoa vibaya. Ila kingo zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, kilipasuka wakati unapandisha joto halafu kikaendelea kuyeyuka, hapo ulikimbiza moto mwanzoni.

rongai_glass
Hiyo shida hata mimi nilikuwa nayo, nilipoteza sahani karibu kumi kabla nishtuke. Mimi niko Rongai na kilichonifungua macho ni kutembelea kwa kina msanii wa vioo Nani Croze pale karakana yao ya Kitengela Glass, unavuka lile daraja la kuning'inia juu ya mto miguu ikitetemeka. Upande wa mwanawe Anselm wanapuliza glasi na vitu vingi hapo wanatoa kwa vioo vya dirisha vilivyotupwa. Wao wanayeyusha kabisa inakuwa uji wa moto, si kama sisi tunaopanga vipande, lakini nilirudi home nikijiambia kumbe dirisha peke yake inatosha, nilikuwa natafuta rangi bure.

Rangi unaweza kupata bila chupa. Chukua waya wa kopa wa umeme, utoe plastiki, ugonge uwe bapa, uweke katikati ya vioo viwili vya bamba moja. Unatoka mwekundu wa damu ya mzee, pengine na kibluu pembeni, kila mara tofauti na hiyo ndiyo raha yake. Jani lililokauka pia linakubali, linaungua lote linabaki jivu jeupe la mishipa ndani ya glasi, watu hudhani umechora. Ila ukifika 670 hivi subiri nusu saa hewa itoke kabla ya kuendelea juu, la sivyo utapata puvu kubwa kama chapati imefura.

bahari_ya_hindi
Mimi mfinyanzi, vioo sijui sana, lakini niliwahi kwenda Ghana nikawaona watu wa kabila la Wakrobo wanavyotengeneza shanga. Wanatwanga chupa kwenye kinu mpaka unga, wanaumimina kwenye vikalibu vya udongo, na tundu la uzi wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo, kinaungua chenyewe tundu linabaki. Tanuri lenyewe wamejenga kwa udongo wa kichuguu. Hakuna kontrola hapo, mzee anatazama rangi ya moto tu. Ila shanga ni ndogo, kitu kidogo kinavumilia makosa kuliko samaki wa sentimita 20.

Ukitwanga weka maji na vaa barakoa ya maana, sio ile ya kitambaa. Vumbi la kioo mapafu hayalitoi.

BintiKigamboni
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Maswali mawili. Je, kuna namna ya kujua kabla hakijapasuka? Nina nyota moja imekaa wiki nzima, naiogopa kama bomu. Halafu chini kinanata na ule udongo wa rafu ninayolazia vioo ndani ya tanuri, umeme nao huku kwetu mnaujua.

MotoWaArusha
Ipo. Fungua laptop ukurasa mweupe, vaa miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao, inamisha kichwa taratibu mpaka skrini iwe nyeusi. Hapo katikati ya skrini na miwani weka nyota. Kioo kilichotulia kinabaki cheusi, chenye mvutano kinawaka mwanga pale pale penye ugomvi.

Kunata, tafuta kaolini, ule udongo mweupe, hapo Dar mko karibu na Pugu na wafinyanzi wanaijua, uchanganye na unga wa alumina kama utaupata. Fanya kama uji mwepesi, paka rafu mara 4 ukipishanisha upande wa brashi, kausha. Ikianza kubanduka kwangua upake upya, usipake juu ya ile iliyochakaa.

Umeme ukikatika kikiwa kinapoa usifungue kuchungulia! Ukirudi pandisha taratibu mpaka 550 uanze kupoza upya, kama hakijapasuka hakuna kilichoharibika. Langu linakula uniti 6 au 7 mchomo mmoja, kwa hiyo najaza rafu kabla ya kuwasha.

BintiKigamboni
Nimejaribu sasa hivi na miwani ya mume wangu. Wadau!! Kile kisamaki kidogo cha dirisha tupu cheusi tii. Nyota kila kipande cha kahawia kina mwanga umekizunguka kama mwezi ukiwa na ukungu. Mume wangu ananiuliza mbona nainamisha kichwa mbele ya laptop kama kuku anayetafuta punje.

Wifi itabidi nimpigie, zake zote 3 zina chupa. Nyota nimeitia kwenye ndoo nikafunika, ikitaka kupasuka ipasukie humo. Kesho naenda kwa fundi umeme kuomba vipande vya waya.