Betri ya sola imekufa baada ya miezi minne, na bado nataka pampu ya bustani. Nianzie wapi?

Mama wa Ndosho

Yambo wote. Niko Goma, kartie ya Ndosho. Naomba mnishauri kabla sijatoa pesa tena, kwa sababu zile za kwanza zilikwenda na mpaka leo sijaelewa zilikwendaje.

Nilinunua plake moja ya sola (paneli) ya wati 100, regilatere ya ampea 10 (ile inayosimamia chaji ya betri), betri ya gari ya 70 Ah (ampea-saa) na konvertisere ya wati 1000 (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani). Fundi alikuja akafunga vyote siku moja. Tunawasha taa nne za LED za wati 5, tunachaji simu nne, kuna redio, na televisheni ndogo ya wati 25 kama saa tatu jioni. Miezi miwili ya kwanza hatukujua giza. Mwezi wa tatu konvertisere ikaanza kulia usiku. Sasa inalia kabla watoto hawajamaliza kazi za shule, na asubuhi betri inasoma volti 10.9.

Jambo la pili ni bustani. Parsele (kiwanja) yetu ni mawe ya lava matupu. Udongo tuliubeba kwa mifuko, mfuko kwa mfuko, tukatengeneza matuta sita. Nina lenga-lenga (mchicha), vitunguu na biringanya. Maji ya mvua yanaingia kwenye siterne (tangi) ya simenti nyuma ya nyumba. Kiangazi kikifika, mwezi wa sita hadi wa nane, nachota bido (madumu) kumi za lita 20 kila asubuhi, na mgongo haukubali tena. Nataka pampu ndogo ya volti 12 ipandishe maji hadi pipa la lita 200 nililoliinua juu ya mawe, halafu yashuke yenyewe kwenye matuta.

Nina dola 250. Muuzaji ananiambia niongeze plake ya wati 150 na betri kubwa, mambo yaishe. Ni kweli?

FundiKatindo

Mama, wiki hii usinunue kitu. Nijibu kwanza: konvertisere huwa unaizima mchana? Betri umeiweka wapi? Na kati ya betri na konvertisere kuna fyuzi?

Mama wa Ndosho

Haijazimwa tangu ifungwe, sikujua kama inazimwa. Betri iko chini ya kitanda cha watoto, kile chumba ndicho kilicho karibu na waya unaotoka juu ya bati. Fyuzi sioni, ni waya tu, wa unene kama wa taa.

FundiKatindo

Basi hata kabla ya hesabu, leo hii toa hiyo betri chumbani. Betri ya asidi ikichajiwa inatoa hewa ya hidrojeni, na hidrojeni ikijikusanya inahitaji cheche moja tu. Asidi yenyewe inaunguza ngozi na macho. Tafuta sanduku la mbao lenye matundu juu, uliweke barazani pasipofika mvua, na ufunguo ukae kwako.

Halafu fyuzi. Betri ikishikanishwa plus na minus inamwaga mamia ya ampea kwa mpigo. Waya kama huo unakuwa mwekundu kama mkaa kabla hujafika mlangoni. Nimeuona kwa macho yangu nyumbani kwa jirani: pazia lilishika moto, na bahati ilikuwa mchana, watu wapo. Fyuzi inakaa upande wa plus, karibu kabisa na betri, si kule mwisho wa waya.

Ukimaliza hayo, azima kipima umeme. Toa kila kitu kwenye konvertisere, televisheni, taa, simu, iache imewashwa peke yake. Fungua waya wa plus kwenye betri uupitishe kwenye kipima upande wa ampea 10. Uandike hapa namba unayoiona.

Mzee wa Himbi

Dada, mimi nasema nunua betri ya litiamu ya 100 Ah usahau. Mimi ya kwangu mwaka wa tatu sasa, haijanisumbua.

FundiKatindo

Mzee wangu, kwa heshima yote, ukilijaza pipa lenye tundu chini, pipa kubwa linakupa siku mbili zaidi, basi. Tusubiri namba.

Mama wa Ndosho

Aksanti. Betri iko barazani tangu jana. Nimepima na mtoto wa dada yangu: 0.8. Hakuna kitu kilichochomekwa.

FundiKatindo

Mwizi amepatikana.

Ampea 0.8 mara volti 12 ni karibu wati 10. Wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 230 na zaidi. Hizo konvertisere inakula kwa kukaa tu macho, hata nyumba nzima mkiwa shambani.

Sasa angalia matumizi yenu wenyewe. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 100. Televisheni ni 75. Simu nne ni kama 50. Redio tuseme 20. Jumla 245. Plake ya wati 100 hapa Goma, na mawingu yetu, mimi huipigia hesabu ya saa nne za jua kamili kwa siku, halafu natoa asilimia 30 ya kinachopotea njiani. Inabaki wati-saa 280 hivi.

Kwa hiyo mnaingiza 280 na kutoa 475. Kila siku betri ilikuwa inalala na njaa. Na hiyo ni betri ya gari: sahani zake za ndani ni nyembamba, zimetengenezwa zitoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha zijazwe tena papo hapo. Ukiinyonya hadi chini kila usiku, miezi minne ni mingi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma 12.7 hivi, ikifika 12.2 iko nusu. Ukiiona 10.9 asubuhi, imekwisha kufa, usipoteze pesa kuifufua.

Plake yako haina kosa. Kanunue taa za volti 12 zinazokwenda moja kwa moja kwenye betri kupitia regilatere, na chaja ya simu ya volti 12 kama ya gari. Konvertisere iwashwe saa ya televisheni tu, kisha izimwe kwa kitufe chake.

Mama wa Ndosho

Nimesoma mara tatu. Nilikuwa namlaumu aliyeniuzia plake, nasema amenipa ya uongo. Na ile plake ya pili ya wati 150, niiache?

Nguba_Bukavu

Mama, mimi niko Bukavu, ngoja nijibu hilo. Usiiongeze kwenye regilatere uliyo nayo. Plake ya wati 100 inatoa karibu ampea 5.5, ya 150 inatoa kama 8.3. Ukiziunganisha sambamba ni karibu 14, na regilatere yako ni ya 10. Itaungua. Siku utakapoongeza plake, nunua kwanza regilatere ya ampea 20. Na utaiongeza, naamini, kwa sababu 245 juu ya 280 ni kama kutembea ukingoni: wiki moja ya mvua na mko chini tena. Ila si leo.

Kuhusu kudanganywa, pima kwa futi. Plake nzuri ya kisasa inatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba. Plake ya wati 100 basi ni nusu mita ya mraba au zaidi kidogo. Ukionyeshwa iliyoandikwa wati 300 na ukubwa wake ni huo huo wa yako, rudi nyumbani. Betri ya jeli (ya asidi iliyogandishwa) nayo ipime kwenye mizani ile ya maharage: iliyoandikwa 100 Ah inakaribia kilo 30. Ikiwa na 15, namba imeandikwa na mtu, haikuandikwa na kiwanda. Litiamu ni nyepesi, 100 Ah ni kilo kumi na kitu, kwa hiyo usizichanganye.

Mama wa Ndosho

Kati ya hizo mbili ninunue ipi kwa pesa yangu?

Nguba_Bukavu

Ningekuwa wewe, litiamu ya aina ya chuma-fosfati, 50 Ah. Inakupa wati-saa 500 hivi za kutumia kweli. Jeli ya 100 Ah inabeba 1200 lakini unatakiwa utumie nusu, yaani 600, kwa hiyo hazipishani sana. Tofauti ni umri: jeli ni mizunguko (kuijaza na kuitumia) mamia kadhaa, litiamu ni maelfu mawili na kuendelea. Ila hakikisha regilatere ina mpangilio wa litiamu. Kama haina, bora ununue jeli kuliko kulazimisha.

Mkulima wa Sake

Shikamoo mama. Mimi nina pampu kwenye shamba, niongeze kidogo.

Kupandisha maji si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Pampu ndogo ya ampea 4 ikitoa lita 8 kwa dakika inajaza pipa lako kwa dakika 25. Ni wati-saa 20 tu, chini ya taa yako moja ya jioni! Iwashe saa sita mchana jua likiwa kali, plake inailisha na betri haisikii. Na maji yakishafika juu, hiyo ndiyo betri ya bustani. Hayaishi nguvu usiku.

Kinachoua pampu ni waya. Siterne yako iko mbali gani na nyumba?

Mama wa Ndosho

Marahaba mwanangu. Hatua thelathini, tuseme mita 20.

Mkulima wa Sake

Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni 40, watu husahau kurudi. Kwa waya wa milimita 1.5 ukipitisha ampea 4 unapoteza karibu volti 2 njiani, pampu inapata 10 na kidogo, inazunguka kwa shida, inapata joto. Mimi niliharibu moja hivyo hivyo. Chukua wa milimita 4, hasara inashuka chini ya volti moja. Waya mnene ni ghali, najua, lakini pampu mbili ni ghali zaidi.

Weka fyuzi yake yenyewe na kitufe. Funga kitambaa au chujio kwenye mdomo wa kunyonyea, maana bati zetu zinashusha vumbi na majivu ya mlima wa volkano. Usiiache inyonye hewa siterne ikikauka. Na pipa likiwa mita moja juu ya matuta, mpira wa matone wa shinikizo dogo unafanya kazi vizuri. Matuta yako yapo juu ya lava, maji yanapita haraka kwenda chini, kwa hiyo mwagilia kidogo asubuhi na kidogo jioni kuliko yote kwa mara moja.

Kampemba_Lushi

Niko Lubumbashi. Mama, elekeza plake kaskazini, ndiyo sheria.

FundiKatindo

Ndugu yangu, kwenu Lushi ni sawa, mko karibu nyuzi 12 kusini ya ikweta. Goma haifiki nyuzi 2. Hapa jua linapita juu ya kichwa, nusu ya mwaka upande huu, nusu upande ule. Mwelekeo hautuumizi. Tunachohitaji ni mteremko wa nyuzi kumi hivi ili mvua ioshe plake. Mlima ukitoa moshi upepo ukashuka kwetu, plake inavaa majivu, ioshe kwa maji na kitambaa laini asubuhi kabla haijapata joto. Moshi huo unafanya mvua kuwa na asidi, mnajua bati zetu zinavyoliwa, kwa hiyo tumia fremu ya alumini na bulani (bolti) zisizoshika kutu.

Nguba_Bukavu

Na radi, tafadhali. Kwetu Kivu si ya kuchezea. Utafiti wa picha za setilaiti uliotoka mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapa karibu na Bukavu, nafasi ya pili duniani kwa radi, zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Mvua ikinguruma, chomoa waya za plake kwenye regilatere na uchomoe televisheni. Nondo ya kuingiza ardhini kwenye lava yenu haiingii, najua, ndiyo maana kuchomoa ni muhimu zaidi.

Mama wa Ndosho

Wapendwa, wiki tano zimepita, narudi kuwaeleza.

Nilinunua taa za volti 12, litiamu ya 50 Ah (regilatere yangu ina mpangilio wake, tuliukuta kwenye kitabu kidogo), waya wa milimita 4, fyuzi mbili na pampu. Zilibaki dola 11. Plake ya pili nimeiacha. Jana asubuhi betri ilisoma 13.1 baada ya taa na televisheni za usiku mzima wa jana yake. Mtoto wangu wa tano alimaliza hesabu zake saa tatu na nusu, taa iko palepale.

Pipa linajaa kwa dakika 28. Nilisimama pale nikitazama maji yakipanda yenyewe, nikaita jirani aje aone. Leo ni siku ya nane sijabeba bido.

Swali moja limebaki: ile betri ya gari iliyokufa nimeiweka pembeni ya tuta la vitunguu. Kijana mmoja anataka kuivunja apate madini ya risasi ya kuyeyusha, atanipa franka kidogo.

FundiKatindo

Mama, usimruhusu, na iondoe hapo leo. Ndani kuna risasi na asidi. Risasi ikiingia kwenye udongo haitoki, na inaharibu akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Moshi wa kuiyeyusha ni mbaya zaidi. Isimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, mbali na bustani, uirudishe nzima kwa muuza betri. Wengi wanazipokea na kukupunguzia bei ya kitu kingine. Pale ilipokuwa, angalia kama udongo umelowa. Kama umelowa, vaa glavu au mfuko mikononi, uchimbe uondoe, na usipande chochote cha kula hapo.

Mama wa Ndosho

Nimeangalia, pakavu. Iko kwenye beseni tayari, kesho naipeleka.